Kitabu cha Edani

Sehemu ya tisa

“Nilimuua mume wangu kwa mkono wangu huu wa kulia.”

Rania aliyasoma maneno hayo akiwa amesimama mlangoni, na karatasi aliyoyasomea ilikuwa imelowa mafuta ya bhajia.

Hapo ndipo nilipowakatia wiki jana, na najua wengi wenu mlinilaani. Haya, tuendelee. Aliyesimama mbele ya Rania ni Afrah, mjane wa Mussab, mkaazi wa Bofu, Likoni, aliye katika mwezi wake wa nne wa eda. Nguo nyeupe, hana manukato, hana wanja, hatoki nje. Mkononi alishika simu. Ndani ya simu mlikuwa na riwaya yake ya kwanza, na mwisho wa riwaya hiyo neno “Tamati”, ambalo alikuwa ameliandika punde tu. Furaha yake haikudumu hata muda wa kuchemsha chai.

“Wifi, hiyo ni hadithi,” alisema Afrah.

“Hadithi gani yenye mume, na kifo, na chakula cha jioni? Kaka yangu alikula humu, akalala humu, akafa humu! Ulimpa nini?”

“Anayesema hapo ni Salha. Ni mtu wa kwenye kitabu. Nimemtunga mwenyewe.”

“Na Mussab chini ya mchanga, naye umemtunga?”

Afrah aliificha simu nyuma ya mgongo.

Mtauliza karatasi ilifikaje kwa Rania. Ilifika kama zinavyofika karatasi zote za Likoni. Afrah hawezi kutoka, basi kila akimaliza sura humpa rafikiye Nyevu aipeleke kwa Kioko wa saiba, lile duka la intaneti, ichapishwe. Kurasa zinazotoka na madoa ya wino Kioko hazitupi, humgawia Nyevu mwenyewe, kwa sababu kibanda cha Nyevu kiko hapo hapo mlangoni pa Kioko, mkabala na dirisha la Afrah, na bhajia za kunde hazifungwi hewani. Alasiri hiyo wateja walikuwa wamejaa. Nyevu alichomoa karatasi ya juu bila kuitazama, akafungia bhajia za Rania. Mnaocheka, chekeni sasa, maana mbele huko sidhani kama mtapata nafasi.

“Sikuja peke yangu,” alisema Rania, akasogea kando.

Nyuma yake aliingia Bi Alawiya, mama yake Rania na marehemu Mussab, anapumua kwa shida, buibui limejaa vumbi la njia ya Mtongwe. Na nyuma ya mama ikasikika sauti ya mwanamume.

“Hodi humu ndani. Asalaam aleikum, shemeji.”

Ilikuwa sauti ya Faraj, kaka mkubwa wa marehemu.

Afrah alikimbilia chumbani na kuvuta pazia. Mjane aliye edani haonwi na shemeji, hilo halina mjadala hata siku ya kushtakiwa. Rania na mama yake wakamfuata ndani. Faraj akabaki sebuleni, upande wa pili wa pazia, na Afrah hakuona chochote chake isipokuwa makubadhi yake ya ngozi chini ya upindo wa kitambaa. Makubadhi hayo yalikuwa yamesimama karibu mno na pazia.

“Shikamoo, Mama,” alisema Afrah.

“Marahaba, mwanangu.” Bi Alawiya aliketi ukingoni mwa kitanda. Macho yake yalikuwa mekundu. “Rania yuwasema umeandika umemuua mwanangu. Nambia si kweli.”

“Si kweli, Mama. Wallahi si kweli.”

“Basi mbona ukaandika?”

Msomaji, hilo ni swali ambalo kila anayeandika hulikimbia. Afrah angejibu nini? Kwamba tangu shule alitaka kuandika kitabu na hakuwahi kukimaliza? Kwamba Mussab, kila akirudi kutoka dukani, alikuwa akimuuliza, “Mke wangu, kitabu kimefika wapi?” na yeye humjibu, “Kinakuja”? Kwamba alipofiwa, akakaa ndani kutwa kucha na kuta nne, aliona ni heri aandike kuliko arukwe na akili? Leo kitabu kimekwisha, na aliyekuwa akikiulizia hayupo. Jambo hilo peke yake lilikuwa limemtoa machozi hata katika furaha yake.

“Niliandika kwa sababu ya uchungu, Mama,” alisema.

“Uchungu hauandiki hivi!” Rania aliipunga ile karatasi. “Twende kituoni. Ukajieleze kwa askari huko.”

“Rania, punguza sauti,” Faraj alisema nyuma ya pazia. Sauti yake ilikuwa tulivu, ya mtu mzima anayepatanisha. “Mambo ya nyumbani hayapelekwi kituoni. Tumezika, tumesoma hitima, tumemaliza. Hatutaki watu wa Bofu na Mtongwe watutie midomoni.”

Afrah alishusha pumzi. Jamani, kumbe alikuwa na mtetezi!

“Shemeji,” Faraj aliendelea, “mimi sikushuku. Najua ni mambo ya kubuni. Lakini maandishi ni maandishi. Yakianguka mikononi mwa mtu mbaya, utafungwa. Nipe hiyo simu chini ya pazia, niyafute yote. Na hizo karatasi zilizochapwa nitazichoma mimi. Kisha tusahau.”

Mkono wa Afrah ulisogea wenyewe. Ni kitu gani kurasa hizi mbele ya kufungwa? Aliona kituo, aliona chumba cha mahabusu, aliona majirani wakimwonyesha kidole. Akainama, simu mkononi, akaifikisha karibu na upindo wa pazia. Vidole vya Faraj vilikuwa tayari vinaingia kwa chini, vinapapasa sakafu.

“Ngoja,” alisema Bi Alawiya.

“Mama, wacha tuyamalize,” alisema Faraj.

“Uyamalize una haraka gani? Aliyekufa ni mwanangu. Nataka kusikia kilichoandikwa kabla hakijafutwa.” Alimgeukia Afrah. “Mwanangu, huyo mwanamke wako, mwishowe aonekana ndiye aliyeua?”

“La, Mama. Anadhani ndiye, kwa sababu yeye ndiye aliyempakulia mumewe. Alimpa kwa mkono wake wa kulia. Analia, anajilaumu. Lakini sura ya mwisho inaonyesha kwamba si yeye.”

“Ni nani basi?”

Afrah aliirudisha simu kifuani. Alikuwa ameyakumbuka yaliyomo katika sura ya mwisho, na damu ikamwisha usoni.

Maana katika sura ya mwisho, muuaji ni kaka wa marehemu.

Sasa mwoneni alipo. Akikataa kusoma, yeye ndiye muuaji. Akisoma, atakuwa anamtaja shemeji yake, na shemeji mwenyewe yuko hapo, hatua mbili, amesimama nyuma ya kitambaa. Alimchagua kaka mtu bila ubaya wowote. Hadithi ilitaka mtu wa karibu, na huyo ndiye aliyebaki. Nani angefikiri kwamba wasomaji wake wa kwanza watakuwa wakwe zake?

“Soma,” alisema Bi Alawiya.

“Mama, bado ni rasimu. Haijanyooka. Nilikuwa nataka kwanza niipitie.”

“Soma hivyo hivyo.”

“Mama, mwanamke amechoka,” Faraj alisema. “Mwacheni.”

“Faraj, nyamaza.”

Afrah alisoma.

“‘Jioni ile kaka mtu alikuja na bakuli la tambi, limefunikwa kawa, kifuniko cha ukindu. Alisema, Mama amekuleteeni. Hakuketi. Salha alimwambia, karibu ule nasi, akasema ameshashiba. Siku nyingi walikuwa hawasemezani, yeye na nduguye, tangu nduguye alipokataa nyumba ya baba yao iuzwe.’”

Rania alitoa mlio mdogo kooni. Ugomvi wa nyumba ya Mtongwe ulikuwa haujawahi kutajwa nje ya familia.

“Umeyatia mambo yetu kitabuni!” alisema. “Astaghfirullah! Kweli huna haya.”

“Mwache asome,” alisema mama yake.

“‘Salha hakula. Jino lilikuwa likimuuma, na tambi zilikuwa za sukari nyingi. Mumewe alikula peke yake, akalisifu pishi la mama yake, akalamba kijiko. Kabla ya alfajiri alikuwa amekufa. Watu wakasema ni moyo.’”

Sebuleni makubadhi yalisogea kidogo, yakasimama tena.

Bi Alawiya alikuwa ameweka kiganja kifuani. “Na jino lako lilikuwa likikuuma kweli usiku ule,” alisema polepole. “Nalikumbuka lile shavu lako limevimba siku ya maziko.”

“Niliandika vitu ninavyovijua, Mama. Sina vingine.”

“Endelea.”

“‘Asubuhi, watu walipokuwa wakilia na maiti haijaoshwa, kaka mtu aliingia jikoni. Alilichukua bakuli, akalificha chini ya kikoi chake, akaondoka nalo. Aliisahau kawa. Kawa ilibaki juu ya kabati, haina cha kufunika.’”

Afrah alisita. Bi Alawiya alikuwa ameinua mkono.

“Hilo bakuli la kitabuni,” alisema, “lina maua?”

“Lina maua mekundu, Mama.”

“Kama langu.”

“Kama lako.” Machozi yalimlengalenga Afrah. “Mama, nisamehe. Bakuli lako lilipotea humu ndani siku za matanga. Watu walikuwa wengi, vyombo vilichanganyika. Nimetafuta kila pembe, nimeona kawa tu. Niliona haya kukwambia.”

“Na mimi niliona haya kukuuliza,” Bi Alawiya alijibu. “Utamwulizaje mjane bakuli? Nikasema, siku akitoka eda atalirudisha na kitu ndani, kama ada yake.”

Hapa wasomaji wa bara mniwie radhi kidogo, wa pwani mnajua. Chombo cha jirani kikija na chakula kwako, hukirudishi kitupu. Utatia hata ndimu tatu, hata konzi ya mchele. Na mwenye chombo hakifuati. Hukaa akangoja, hata ikipita miezi, kwa maana kukifuata ni kumwambia mwenzio kwamba hana adabu. Basi wanawake hawa wawili walikuwa wamekaa karibu miezi minne, kila mmoja akilifikiria bakuli moja, na adabu ikawafunga midomo.

Bi Alawiya alilielekea pazia.

“Faraj.”

“Naam, Mama.”

“Tambi za jioni ile ulizileta wewe. Bakuli lilirudi kwetu?”

“Mama, nitajuaje mambo ya mabakuli? Mimi mwanamume.”

“Nakuuliza tu.”

“Halikurudi. Labda lilivunjika. Watu walikuwa wengi.”

Nje Nyevu alikuwa akiita wateja, na harufu ya mafuta ya moto iliingia kwa dirisha la nondo.

Aliyefuata kusema alikuwa Rania, naye hakuonekana kama yule aliyekuja na karatasi akitaka damu ya mtu.

“Lakini kaka,” alisema, “mimi nililiona.”

Bi Alawiya alimgeukia.

“Asubuhi ya msiba. Nilikuwa natoka Mtongwe nakuja huku. Wewe ulikuwa uwani kwetu, bombani, unaliosha. Nilishangaa, maana tangu nizaliwe sijakuona ukiosha chombo. Nikakuuliza, ukanambia Afrah ameliregesha. Nikafikiri, mtu kafiwa na mume usiku huu huu, ameliregesha saa ngapi? Na nikafikiri, mbona limerudi tupu? Wifi yangu hajapata kurudisha chombo kitupu.” Alimgeukia mama yake. “Kisha tukaingia msibani, nikasahau. Wallahi, nilisahau.”

Karatasi ya bhajia ilimponyoka, ikaanguka sakafuni, upande wa mafuta chini.

Afrah alihisi baridi ikipanda kutoka nyayoni, na jua la alasiri lilikuwa bado linachoma bati. Alikuwa hajaona kitu chochote asubuhi ile. Hakumwona Faraj jikoni wala hakumwona na bakuli. Alikuwa ameona kawa juu ya kabati, basi, na hadithi ilipodai bakuli liende mahali, alimpa kaka mtu alichukue. Alidhani anabuni. Miezi yote hii mkono wake ulikuwa unajua jambo ambalo kichwa kilikuwa kinaogopa kulijua.

Alikuwa ameogopa kushtakiwa kwa uwongo. Sasa aliogopa kwa sababu ulikuwa ukweli, na hofu hii ilikuwa nzito zaidi ya ile.

“Faraj,” alisema Bi Alawiya, na sauti yake ilikuwa imezeeka kwa ghafla, “bakuli langu liko wapi?”

Makubadhi yaligeuka. Wanawake watatu waliyaangalia yakienda, pole pole, kuelekea mlango wa nje. Rania alishika kifua. Anakwenda zake! Na aende, Mungu wangu, na aende!

Kisha wakasikia komeo.

Komeo la mlango wa Afrah ni la chuma na lina kutu, halifungwi bila kelele. Lilifungwa kutoka ndani.

Makubadhi yalirudi. Yalisimama pale pale yalipokuwa, upindo wa pazia ukiyagusa vidole.

“Mama,” alisema Faraj. Ule utulivu wa kupatanisha haukuwamo tena. “Toka humo chumbani. Na wewe Rania toka. Nataka kusema na mwandishi peke yake.”

Mwandishi! Tangu yuko shuleni Afrah alikuwa akingoja mtu amwite kwa jina hilo. Hata Mussab, na mapenzi yake yote, hakuwahi. Katika dunia nzima, wa kwanza kumwita mwandishi amekuwa huyu, na amemwita kupitia pazia la eda, mlango ukiwa umefungwa.

“Sitoki,” alisema Bi Alawiya.

“Mama, usinilazimishe.”

“Nilikubeba tumboni. Nikulazimishe nini zaidi?” Alimvuta Rania upande mmoja na Afrah upande wa pili, akawakumbatia wote wawili kwa mikono yake miembamba. Afrah aliusikia moyo wa mama mkwe wake ukimpiga begani. “Nyevu!” bibi huyo aliita kwa nguvu zote alizokuwa nazo. “Nyevu wee!”

Nje mafuta yalikuwa yanavuma kwenye karai, na Nyevu alikuwa anacheka na mteja.

Vidole vinne vya mwanamume vilishika ukingo wa pazia.

Hakuna aliyewahi kulifungua pazia lile tangu lilipotundikwa, isipokuwa wanawake. Rania alianza kusoma dua, maneno yakimkatikia.

“Mwanangu,” Bi Alawiya alimnong’oneza Afrah sikioni, “huyo wa kitabuni, akishajulikana, afanyani?”

Afrah aliitazama simu. Aya ya mwisho ilikuwa bado iko wazi mbele yake, aliyoiandika mwenyewe alasiri hiyo hiyo, kwa raha, mguu juu ya mguu, chai ya tangawizi pembeni.

Aliandika kwamba kaka mtu alifunga mlango kwa komeo. Aliandika kwamba alilivuta pazia. Aliandika kwamba ndani walikuwamo wanawake watatu, na waliotoka wakiwa hai ni wawili. Na pale panapostahili jina la yule wa tatu aliacha nukta tupu, kwa sababu ilikuwa rasimu ya kwanza, na alidhani bado ana wakati wa kuamua.